Faili Moja kwa Jina la Jaha

Jumanne, tarehe sita Mei, saa nne kasorobo za asubuhi, simu zote za kijiwe cha mtaa wa Muyeye zililia kwa mpigo mmoja, na tangu hapo mambo hayakurudi kuwa yalivyokuwa. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda cha Salman cha kutengeneza televisheni. Masha hukaa mwisho wa ubao, dele lake la kahawa liko juu ya makaa na sahani ya kashata iko ubavuni. Ng'ambo ya njia ipo maktaba ya mtaa, na juu ya paa la maktaba umesimama mlingoti wa mtandao wa bure, ambao kila mkaazi anaruhusiwa kuutumia mradi aandikishe jina lake. Siku ya kuandikisha, watu wa kijiweni walikataa. Mmoja alisema majina yatapelekwa kwa watoza kodi, mwingine akasema hao afadhali, yasije yakafika kwa wakwe. Jaha peke yake ndiye aliyeinuka, akavuka njia, akaandikisha jina, akarudi akawapa wote neno la siri, kama alivyozoea kununua gazeti moja likasomwa na ubao mzima. Mwaka jana Jaha alifariki. Jina lake likabaki kazini. Na Muhidin, mshona kofia, aliyekuwa rafiki yake tangu chuo cha Kurani, akaweka sharti: yeyote atakayeingia mtandaoni kwa jina la Jaha, kwanza amwombee. Basi kutwa nzima ungewasikia watu wazima, simu mkononi, wakisema “Allah amrehemu Jaha,” au “Mungu amlaze pema Jaha,” kila mtu na dini yake, kisha wakafungua mpira.

Muhidin aliliona jambo lile kuwa baraka. Akishona kofia yake, kichwa chini, alikuwa akizisikia zile dua zikipita juu yake kama upepo, na moyoni alijua wapo wanavyuoni wakubwa waliozikwa pwani hii wasioombewa mara nyingi kiasi hicho.

Lakini Jumanne ile hakuja kushona. Alikuwa na shughuli nzito. Zamani, kabla ya simu hizi, aliwahi kumnasa Jaha kwa redio ya kaseti, palepale kijiweni, akisoma Yasini. Ile kaseti ndiyo sauti pekee ya Jaha iliyobaki duniani. Widad, mjane wa Jaha, aliyerudi kwao Mambrui baada ya eda, alikuwa amemwomba jambo moja tu: siku ya hitma ya mwaka aisikie sauti ya mumewe. Muhidin akaipeleka kaseti kwa fundi wa Mombasa ainakili. Fundi akainakili, na utepe ukakatika ulipofika mwisho. Nakala akaiweka mtandaoni, akamtumia Muhidin linki na onyo: kazi za wateja hufutwa kila Jumanne ikifika adhuhuri. Muhidin alijaribu kuishusha kwa bando lake mwenyewe, bando likaisha faili halijafika popote. Fundi hapokei simu. Kwa hiyo ilikuwa mtandao wa maktaba, asubuhi ile, au basi.

Sasa ndipo simu zilipolia. Salman akasoma kwa sauti:

— “Kuanzia sasa, proksi yetu itamruhusu kila mtumiaji kushusha faili moja tu kwa wakati mmoja. Ahsanteni.”

— Proksi ni nani? akauliza Masha huku akipepea makaa.

— Si mtu, ni mtambo.

Salman wanamwita Satelaiti, si kwa ajili ya madishi anayofunga tu, bali kwa kuwa hajapata kuambiwa jambo asilokuwa amelijua tayari.

— Mtambo wa nini?

— Wewe ukitaka faili, simu yako haiendi yenyewe huko nje. Inamwambia proksi. Proksi ndiye anayekwenda kukuchukulia, akakuletea.

— Basi ni mtu wa kutumwa.

— Masha, ni mtambo!

— Nimesikia, bwana. Mtambo wa kutumwa. Na sasa umechoka, hautaki kubebeshwa mizigo miwili.

Kambi akasimama. Kambi ni yule anayeitwa Mheshimiwa. Alisimama udiwani uchaguzi uliopita akashindwa, na tangu siku ile hawezi kusema neno akiwa ameketi.

— Ndugu zangu, akasema Kambi, hili mimi naliunga mkono. Faili moja kwa mtu mmoja ni haki. Wapo watu katika mtaa huu wanaoshusha mafaili kumi kwa pamoja, mtoto wa shule akitaka kitabu kimoja hapati.

— Watu gani hao? akauliza Ngowa.

— Sitaki kutaja majina.

— Mbona wanitazama mimi?

— Nakutazama kwa kuwa uko mbele yangu.

Ngowa ni dereva wa tuktuk, na tuktuk yake ilikuwa imeegeshwa palepale, imezuia nusu ya njia. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vya kijiwe kizima vikiwekwa pamoja. Alikuwa tayari ameinama juu ya simu.

— Mungu amlaze pema Jaha, akanong'ona upesi kama mtu anayepiga chafya, akabonyeza.

— Washusha nini? akauliza Salman.

— Mahubiri.

Muhidin naye akavaa miwani. Yeye hakuwa mtu wa dua ya haraka. Aliinua mikono, akamwombea Jaha msamaha, na rehema, na kaburi la wasaa, na makaazi bora kuliko makaazi yake, na watu bora kuliko watu wake. Akapangusa uso. Kisha akaifungua linki, akabonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayebonyeza kengele ya nyumba ya watu. Simu ikamjibu:

“Jaha, una faili jingine linaloshuka. Tafadhali subiri.”

— Mimi sina faili jingine, akasema Muhidin.

— Hata mimi nimeambiwa hivyo hivyo! akasema Salman. Ona: “Jaha, una faili jingine linaloshuka.” Faili gani? Mimi hata sijaanza.

— Na mimi! akasema Masha. Nataka kutazama ufugaji wa bata, naambiwa nina jingine. Lingine la nini? Mimi mambo yangu ni bata tu.

— Mulungu wangu, akasema Kambi. Mtambo umeanza kazi leo na leo hii waanza kusema uongo.

— Wangu unakwenda, akasema Ngowa polepole, na wote wakamgeukia. Msinitazame hivyo. Mhubiri mwenyewe ana upako.

Muhidin akatazama jua. Lilikuwa lingali upande wa baharini. Akajiambia, subira. Mahubiri yatakwisha, kisha nitapita mimi. Na kweli yakaisha. Ngowa akasema “tayari,” na kijiwe kizima kikainamia simu. Muhidin akainua mikono. Alipofika kwenye kaburi la wasaa, Salman alikuwa ameshabonyeza. Muhidin alipobonyeza yeye, simu ikamjibu:

“Jaha, una faili jingine linaloshuka. Tafadhali subiri.”

— Limekubali! akasema Salman. Mnaona? Tatizo ni jinsi mnavyoshika simu. Mimi nimeielekeza kwenye mlingoti.

— Mimi pia nimeielekeza, akasema Masha.

— Wewe umeielekeza kwenye dele.

— Salman ndugu yangu, akasema Muhidin, hilo lako litachukua muda?

— Ni programu ya dishi, sheikh. Kubwa. Kwani yako ni ya haraka?

— Ni sauti ya Jaha. Ikifika adhuhuri inafutwa.

Salman akakuna kidevu.

— Nikiikata sasa itanilazimu kuanza mwanzo, akasema. Lakini hapana haja, sheikh. Yako na yangu ni mambo mbalimbali. Sheria yasema kila mtumiaji faili moja. Mimi nina moja, wewe una moja. Ilikuwa yashuke yote mawili pamoja. Hapa pana hitilafu, na nikiijua hitilafu wote mtapata.

— Basi hitilafu ni nini?

Salman akanywa kahawa, akatema kipande cha tangawizi.

— Maji na mtandao ni kitu kimoja. Vyote vyatoka mbali kwa mrija. Sasa kule Watamu kuna majumba ya wageni, kila chumba kina televisheni ukutani upana wa mlango. Wale wakiamka saa hizi, wakafungua zote, sisi wa mwisho wa mrija tunapata nini? Tone. Tone moja, faili moja.

— Mbona kina Kache wa uchochoro wa pili wanashusha? akauliza Masha. Nimepita pale asubuhi kuchukua mahamri. Kache anashusha mishono ya madera, Kabibi anashusha nyimbo za kwaya, kila mtu na lake, hapana anayeambiwa asubiri.

— Uchochoro wa pili uko chini. Mrija umeinama.

— Uchochoro wa pili uko kilimani, Satelaiti!

Kambi akasimama tena, ingawa hakuwa ameketi vizuri.

— Sasa Masha amesema neno. Kwa nini kina Kache wapate na sisi tukose? Jiulizeni. Kina Kache walipiga kura wapi?

— Shuleni, akasema Ngowa. Sote tulipiga shuleni.

— Walimpigia nani?

— Mheshimiwa, hakuna aliyekupigia wewe. Hata sisi hatukukupigia. Tulikwambia siku ileile.

— Hilo nililisamehe. Lakini wakubwa hawajui kwamba hamkunipigia! Wao wanachoona ni kwamba mimi nakaa hapa, nanywa kahawa hapa, na nyinyi mnacheka nikisema. Wamekitia kijiwe hiki alama. Huo mtambo umepewa amri: ubao wa Muyeye, mtu mmoja mmoja, wachoke, watawanyike.

— Mtu wa kututawanya sisi ataanza na kahawa, akasema Masha. Mtandao ni mzunguko mrefu.

Muhidin akasema kwa upole kwamba maktaba iko hapo ng'ambo, na mtu akivuka njia akauliza, ataambiwa.

Shauri lake lilipokewa kwa heshima zote na kuharibiwa hapo hapo. Kambi alisema watu hawaendi tu, huenda ujumbe, na ujumbe huwa na msemaji. Salman akasema msemaji awe fundi. Kambi akasema fundi ataeleza mrija, nao wataaibika. Ngowa akajitolea kuwapeleka kwa tuktuk.

— Ng'ambo ya njia? akauliza Masha.

— Ujumbe haufiki kwa miguu.

Wakashindana juu ya msemaji hata kahawa ya Kambi ikapoa. Muhidin angekwenda mwenyewe, lakini aliogopa: labda zamu yake itafika akiwa njiani, na dua yake ni ndefu. Akabaki pale, simu juu ya goti, jicho moja kwenye kioo na jingine juani. Programu ya Salman ikaisha. Safari hii Muhidin alijaribu kufupisha dua, akasema “Allahumma ghfir lahu,” kisha akaona haya kuikatisha, akaimalizia. Kambi akawa ameshaingia.

— Samahani, Mzee Muhidin, akasema Kambi. Ni kikao cha baraza la kaunti, cha bajeti. Kidole kimekwenda chenyewe.

— Mimi naanza kuogopa, akasema Ngowa.

Kila mtu akamtazama, maana uso wake kweli ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameisogeza simu mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyeshika kaa.

— Yasomeni maneno haya vizuri. “Jaha, una faili jingine linaloshuka.” Hausemi Ngowa. Hausemi Masha. Wasema Jaha.

— Ni adabu tu ya mtambo, akasema Salman. Ndilo jina tunaloingilia.

— Sawa. Lakini “una faili jingine.” Wewe unalo?

— Sina.

— Masha unalo?

— Mimi hata la kwanza sina.

— Mzee Muhidin analo? Hana. Mheshimiwa ndiyo kwanza aanza. Basi hilo jingine ni la nani? Nani mwingine anashusha kwa jina la Jaha?

Masha akaacha kupepea makaa.

— Ngowa, akasema, wataka kusema nini?

— Mimi sisemi. Mimi nauliza tu. Mtu tunamwombea asubuhi, tunamwombea mchana, tunamwombea mpira ukianza, tunamwombea mpira ukiisha. Tumemwita sana, jamani. Labda ameitika.

— Aitike ashushe nini? akauliza Salman, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

— Hilo mimi nitalijuaje? Alipenda taarabu.

— Mlingoti ule umesimikwa wapi? akauliza Masha kwa mnong'ono. Pale zamani hapakuwa na makaburi?

— Palikuwa na kinu cha kusaga mahindi, akasema Kambi.

— Na kabla ya kinu?

— Masha, mimi si mzee kiasi hicho.

— Tukafukize ubani, akasema Ngowa. Pale chini ya mlingoti. Na tumchinjie kuku.

— Kuku kwa ajili ya faili?

— Basi bata. Masha atakuwa nao.

— Bata gani, na sijaruhusiwa hata kuwatazama!

Muhidin akavua miwani. Watu wa kijiweni wanaijua ishara hiyo. Yeye husema polepole, neno likifuatwa na neno, na mtu akimkatiza huanza upya tokea mwanzo. Kwa hiyo wamejifunza kumwacha amalize.

— Ngowa, mwanangu. Mche Mungu. Jaha nilimwosha kwa mikono yangu hii. Nilishuka naye kaburini, nikamlaza, nikamfungua kamba za sanda. Nakwambia ninachokijua. Mle ndani hamna waifai.

— Ndiyo, mzee.

— Dua tunazomwombea zinamfikia. Hilo ni kweli, na halihitaji mlingoti. Lakini yeye hashushi kitu. Usinirudishie rafiki yangu kwa njia hiyo.

Ngowa akainamisha kichwa, akasema “niwie radhi, mzee,” na Masha akamjazia Muhidin kikombe bila kuambiwa. Jua lilikuwa limefika juu ya paa la maktaba. Kikao cha bajeti kilikuwa kingali kinashuka.

Ndipo mlango wa maktaba ulipofunguliwa. Akatoka mwanamke kijana, suruali ya kazi, kadi shingoni, kompyuta ameikumbatia ikiwa wazi. Akangoja pikipiki ipite, akavuka, akaizunguka tuktuk ya Ngowa, akasimama mbele ya ubao.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, wakajibu.

— Mimi ni Janet, fundi wa mtandao. Natoka Kilifi. Nimekuja leo kuiweka hii sheria ya faili moja. Nimekaa humo ndani tangu asubuhi, kila mtu kwenye kioo changu ametulia, isipokuwa mmoja. Akatabasamu. Samahani, Jaha ni yupi kati yenu?

Masha akaliangusha pepeo. Kambi akaketi. Ngowa akatazama tuktuk yake, akapima umbali. Salman, mjuzi wa kila jambo, akageuka kuutazama mlingoti.

Janet akadhani wanamficha mwenzao.

— Sikuja kumgombeza, akasema. Nilitaka tu kumwona. Maana mtu huyu ananishangaza. Wakati mmoja anataka programu ya kutengeneza dishi. Papo hapo anataka kusikiliza baraza la kaunti. Papo hapo anajifunza kufuga bata. Na tangu asubuhi haachi kuomba tamthilia, ile ya bibi harusi aliyepoteza kumbukumbu, sehemu kwa sehemu.

Vichwa vyote vikamgeukia Ngowa.

— Mahubiri, akasema Salman.

— Yana mafundisho, akasema Ngowa kwa sauti ndogo.

— Na kuna faili moja, akaendelea Janet, analiomba, ananyimwa, anakaa kitambo, analiomba tena. Lenyewe limeandikwa “Yasini.” Hilo halijapita hata mara moja. Nikajiuliza, mtu kama huyu hapumziki? Jaha ni nani hapa?

Macho yakamwendea Muhidin, naye akayahisi. Akaiweka simu ubaoni, akasimama kwa kushika ukuta.

— Mwanangu, Jaha hayupo. Alifariki mwaka jana. Sisi sote hawa ndio Jaha.

Janet akawatazama mmoja mmoja: fundi wa televisheni, mheshimiwa, dereva, muuza kahawa, mshona kofia. Kicheko kilichokuwa njiani kikamrudi.

— Poleni, akasema. Poleni sana, wazee wangu. Sasa nimeelewa. Proksi haiwaoni nyinyi. Inaona jina. Nyinyi hapa kwake ni mtu mmoja, na mtu mmoja nimempa faili moja. Kila mmoja wenu akishusha lake, anawafungia wengine mlango.

— Kwa hiyo lile faili jingine… akaanza Masha.

— Ni la jirani yako.

— Nilijua ni jambo la majina, akasema Salman.

— Satelaiti, nyamaza, akasema Kambi.

— Kila mmoja aje na kitambulisho nimwandikie jina lake, akasema Janet. Lakini jina la marehemu itabidi nilifunge. Ndiyo kanuni. Na nikilifunga, yote yanayoshuka kwa jina lake yanakatika.

Muhidin akaiona siku ya kesho: Ngowa anaingia kwa jina la Ngowa, Salman kwa jina la Salman, kila mtu na mlango wake, na kutwa inapita hakuna aliyemtaja Jaha. Akataka kusema, liache, liache tu hata kama hatutapata kitu. Lakini Mambrui palikuwa na mwanamke aliyeahidiwa, na jua halikuwa likimngoja mtu.

— Mwanangu, ile Yasini ni sauti yake mwenyewe, akasema. Itafutwa ikifika adhuhuri. Nipe nafasi ishuke kwanza. Ishuke kwa jina lake. Kisha fanya kazi yako.

Janet akaitazama saa ya kompyuta, akawatazama wale wengine.

— Basi kila mtu asimamishe lake. Na asiombe jingine.

Kambi ndiye aliyeanza. Akaikata bajeti.

— Ilikuwa imebakia kidogo tu, akasema, walikuwa wanafika kwenye barabara yetu.

— Haifiki barabara yetu hiyo, akasema Masha. Mimi nimezima simu yangu kabisa. Bata watangoja.

Salman akaizima yake. Ngowa akakawia, kidole juu ya kioo.

— Ngowa!

— Anakaribia kulikumbuka jina la mumewe, akasema Ngowa kwa uchungu wa kweli, akaizima.

Muhidin akaketi. Akainua mikono, na safari hii hakuna aliyemtangulia. Akamwombea Jaha tangu mwanzo mpaka mwisho, Janet amesimama na kompyuta yake, wengine wameinamisha vichwa, na walipoitikia amini, Kambi na Ngowa, wasio wa dini yake, waliitikia pia. Muhidin akabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulitambaa, ukasimama, ukatambaa tena. Wote walikuwa wamemzunguka, wamempumulia masikioni. Salman alitaka kuigeuza simu ielekee mlingoti, Masha akamshika mkono. Kutoka msikitini kikasikika kipaza sauti kikigongwa kwa ukucha, kisha muadhini akasafisha koo.

— Asianze, akasema Ngowa. Mtu amwambie asianze.

Adhana ikaanza. Muhidin akawa anaitikia, midomo ikimfuata muadhini neno kwa neno kama ilivyo sunna, macho hayatoki kwenye ule mstari. Muadhini alikuwa bado hajafika kwenye “njooni kwenye swala”, simu ikalia mara moja, kidogo, kama kijiko kugonga kikombe. Faili limefika.

Hakulifungua. Akangoja adhana iishe, akasoma dua yake. Ndipo akabonyeza, akaiweka simu katikati ya ubao.

Kwanza ulisikika upepo. Halafu vikombe. Halafu sauti nzito, yenye kicheko ndani yake, ikasema: “Muhidin, hicho chombo chako kinazunguka? Nisije nikasoma bure.” Ikakohoa. Kisha ikajikinga kwa Mungu dhidi ya shetani, ikataja jina la Mwenyezi Mungu, na Yasini ikaanza.

Masha akaliondoa dele motoni ili lisichemke. Kambi akavua kofia. Janet hakujua aangalie wapi, akaangalia chini. Muhidin alilia bila kuficha, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuona kuwa analia peke yake.

Alipokuwa tayari kwenda msikitini, alimwita Janet.

— Sasa lifunge, mwanangu.

— Una hakika, mzee?

— Lifunge. Ametufanyia kazi ya kutosha.

Janet akabonyeza. Simu ya Muhidin ikaandika kwamba hakuna mtumiaji wa jina hilo. Alilisoma, akaufunga mkono wake juu ya kioo. Ngowa, ambaye hakuwa na simu mkononi wala jambo la kushusha, akasema taratibu, kila neno mahali pake:

— Mungu amlaze pema Jaha.

— Amini, akasema Muhidin, na kijiwe kizima kikaitikia.

Ee Mola, Mwingi wa rehema, mghufirie mja wako Jaha na kila aliyetutangulia, umjuaye wewe na tuliyemsahau sisi. Lipanue kaburi lake, litie nuru, umwepushe na adhabu yake. Wape subira aliowaacha, na utukutanishe nao siku ambayo haina kutengana. Amin.